Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Watu wazima nao wapimwe macho

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu watu wazima wasioona mbali. Si vipofu. Ni fundi, mama lishe, dereva wa bodaboda anayesoma ujumbe kwenye simu bila taabu, lakini maandishi ya daladala hayaoni mpaka gari limfikie.

Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya upimaji wa wanafunzi 2,511 wa sekondari jijini Mwanza. Asilimia 5.6 walikuwa hawaoni mbali, na katika wote waliokutwa na kasoro kubwa ya uoni, wenye miwani hawakufika theluthi. Wanafunzi wale leo ni wazazi. Kutoona mbali hakuishi kwa kumaliza shule. Kinachoisha ni ubao uliokuwa ukimfichua mtu. Baada ya hapo hakuna anayemwambia asome kitu cha mbali kwa sauti.

Tafiti za haraka za upofu huchukua watu wa miaka 50 na kuendelea, umri ambao mtoto wa jicho nao huweza kumfanya mtu asione mbali. Sensa huuliza iwapo mtu ana shida ya kuona, lakini aliyezoea ukungu tangu utotoni atajibu kwa moyo mweupe kwamba anaona vizuri. Katikati hapo, kati ya kumaliza shule na miaka 50, ndiko kuliko nguvu kazi yetu.

Marekani wanajua kwamba kati ya watu wao wa miaka 12 hadi 54, wasioona mbali walikuwa asilimia 25 mwaka 1971–72, wakawa karibu asilimia 42 mwaka 1999–2004. Walilijua hilo kwa sababu utafiti wao wa afya ya taifa, unaopima watu shinikizo la damu na kuwatoa damu, uliwapima na macho.

Sisi njia hiyo tunayo. Mwaka 2012 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) iliongoza utafiti wa STEPS, ule wa kupima viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza, ukapima shinikizo la damu, uzito na sukari kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Mtafiti aliyekwisha kukaribishwa ndani na kufungua mashine ya presha anahitaji nini zaidi? Chati, kamba ya kupimia umbali, na kikadi chenye tundu dogo. Asiyeona herufi kwa macho matupu achungulie kwenye tundu. Akiziona, kuna uwezekano mkubwa kwamba miwani itamsaidia. Huhitaji daktari bingwa kwa hilo.

Tukipata idadi, bajeti ya lenzi itakuwa na msingi. Sasa hivi asiyeona mbali akienda kwa wachuuzi wa miwani barabarani anakuta miwani ya kusomea, na hiyo inamzidishia ukungu wa mbali. Anairudisha, anaamini macho yake hayana dawa. Hili linaniuma kuliko yote, maana lenzi anayoihitaji ni ya kawaida kabisa.

Naomba basi, Mheshimiwa, dodoso la STEPS ijayo lisichapwe bila ukurasa wa macho. Wataalamu wa optometria, yaani upimaji wa macho na miwani, wanaosomea hospitali ya KCMC Moshi wanaweza kuwafundisha wapimaji. Naomba pia matokeo yatolewe kwa mkoa na kwa umri, na wizara itutangazie ni lini kazi hiyo itaanza.

Wako mtiifu,
Mwananchi, Dar es Salaam