Mvua imerudi, mbuzi hawajarudi

Ndugu yangu Salim,

Salamu sana, na za nyumbani kwako. Umeuliza kwa nini mfugaji wa Marsabit au Wajir, kaskazini mwa Kenya, hainuki hata mvua ikisharudi.

Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya maana, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Lakini hasara huanzia mnadani, kabla ya mzoga wa kwanza. Malisho yakikauka, kila mtu anapeleka mbuzi kwa wakati mmoja, nao wamekonda. Bei yao inaporomoka huku ya unga ikipanda.

Wa kuuza kwanza ni madume na majike wazee, mara tu msimu mmoja ukikosa, wangali na nyama mgongoni. Pitisha kiganja kwenye uti wa mgongo: ukiweza kuhesabu pingili bila kubonyeza, dalali naye ameshazihesabu.

Pesa hiyo inunue nyasi kavu za majike wachache. Ng'ombe wa kilo 250 hula kama kilo 6 kwa siku. Kilo 3 au 4 zinamshikilia tu asife, maziwa usiyaulize. Kwa kipimo hicho cha kumshikilia, robota la kilo 15 ni siku nne kwa ng'ombe mmoja. Ng'ombe kumi kwa miezi mitatu wanataka marobota 225, na bado hujalipa lori. Anayeng'ang'ania kuwalisha wote humaliza pesa na ng'ombe pamoja. Wala usimmwagie mnyama mwenye njaa kali mahindi kwa ghafla: tumbo linachachuka, anakufa ameshiba.

Mvua ikirudi, kundi hurudi polepole. Tuseme wamebaki mbuzi majike watano. Mimba ni miezi mitano, mara nyingi mtoto ni mmoja, na nusu ya watoto ni madume. Kwa ng'ombe ndiyo balaa: mimba miezi tisa, kisha ndama jike huzaa akifika kama miaka minne. Hapo katikati kuna karo na wagonjwa, kwa hiyo huyo mtamba huuzwa kabla hajazaa. Tena mvua yenyewe huua. Mwishoni mwa 2023 yalikuja mafuriko, na mbuzi aliyedhoofika hamalizi usiku mmoja wa baridi ya mvua.

Ile bima ya mifugo uliyoitaja, inayolipa ukame ukipiga malisho, ilianza Marsabit mwaka 2010. Setilaiti hupima ukijani wa malisho ya eneo zima, haihesabu mizoga yako. Kwako kukikauka na kwingine kukiwa kijani, unaweza kukosa malipo. Watu hukasirika hapo, na sishangai. Uzuri wake ni pesa kutoka mapema, wakati nyasi bado zinaweza kumwokoa mnyama. Kikundi chako wakitaka kujiunga, waulize kwanza mpaka wa eneo lao umepita wapi, na malipo hutoka mwezi gani.

Wasalaam,
Guyo