Gridi si nguzo za umeme peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii nizungumzie neno ambalo magazeti yetu hulichapisha mara kwa mara, nalo ni gridi. Kwa jinsi Gridi ya Taifa ilivyozoeleka katika taarifa za kukatika kwa umeme, watu wengi, wakiwamo wanafunzi niliowafundisha Jiografia, ukiwauliza gridi ni nini hukutajia nguzo na nyaya. Hawakosei, ila wameishia njiani. Asili ya neno hili ni jina la Kiingereza la wavu wa chuma wa kuchomea nyama, kama ule ambao muuza mishkaki huutandaza juu ya makaa, na aliyewahi kuutazama vizuri amekwisha kulielewa nusu ya somo: vyuma vya wima, vyuma vya ulalo, na vyumba vya mraba katikati.

Ramani za Tanzania za skeli ya 1:50,000 zimetandazwa wavu wa namna hiyo. Mistari ya wima, yaani istingi, huongezeka namba kuelekea mashariki. Ya ulalo, yaani nothingi, huongezeka kuelekea kaskazini. Kila mraba una sentimita 2 kwa 2 karatasini, sawa na kilometa 1 kwa 1 ardhini. Tarakimu nne zinakutajia mraba. Ukiugawa kila upande sehemu kumi unapata tarakimu sita, na mahali unapopatafuta pamebanwa ndani ya mita 100. Mkazi wa Kariakoo hufanya jambo lilelile anapomwelekeza mgeni kona ya Mtaa wa Swahili na Mkunguni, ingawa katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako vichochoro hupinda vitakavyo, mwenyeji huona heri akushike mkono akupeleke.

Kilichonisukuma kuandika ni kwamba siku hizi kila mwenye simu anazo namba hizi, lakini wachache huuliza ni za gridi ipi. Mfumo unaotumika katika ramani zetu, UTM, umeigawa dunia katika kanda 60 zenye upana wa nyuzi 6 za longitudo kila moja, na namba huanza upya katika kila kanda. Mji wa Kigoma umo katika kanda ya 35, Dodoma ya 36, Dar es Salaam ya 37. Longitudo ya nyuzi 36 Mashariki inapita kati ya Dodoma mjini na Kongwa, kwa hiyo msafiri wa safari hiyo fupi hubadili kanda bila kujua, na istingi aliyoiandika asubuhi haiwezi kulinganishwa na ya jioni.

Lipo na jingine, gumu zaidi kuonekana. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa msingi wa vipimo, yaani umbo la dunia na mahali pa kuanzia kupimia, uitwao Arc 1960, ilhali simu hufuata msingi wa setilaiti, WGS 84, na kwenye gridi tofauti ya nothingi kati ya misingi hiyo miwili ni takriban mita 300. Kijijini kwetu tulichukua kwa simu vipimo vya eneo la kuchimba kisima, tukavipeleka katika ofisi moja, na karani akavichora juu ya karatasi ya zamani bila kuuliza vilikotoka. Nukta ikaangukia kusini, ng'ambo ya korongo, ndani ya shamba la jirani. Karatasini ni milimita 6 tu, lakini tulibishana na jirani yule wiki mbili nzima, na wala hapakuwa na aliyekosea namba hata moja.

Kwa hiyo ninawaomba wahariri, na maofisa wanaowaletea matangazo ya ardhi, kwamba kila namba za mahali zinapochapishwa, zifuatane na kanda na msingi wake, na ielezwe ipi imetangulia, kwa maana gridi huanza na istingi, ilhali wasomaji wa latitudo na longitudo huanza na latitudo, ambayo ni ya kaskazini na kusini. Tangazo la viwanja nililolisoma majuzi lilikuwa na jozi nne za namba, bila kanda wala msingi. Nimelikata na kulihifadhi, maana linafaa sana kuwa swali la mtihani.

Mwalimu mstaafu wa Jiografia,
Dodoma