Pancha haikumfungua mdomo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu "Lacombe Lucien", filamu ya Mfaransa Louis Malle ya mwaka 1974, imenifanya niitazame upya, safari hii nikiwa na kalamu mkononi. Mwandishi wenu anadai Malle amemtetea msaliti: kijana wa watu kapata pancha usiku, kaangukia mikononi mwa watu wabaya, basi, yakamkuta ya kumkuta. Naomba nafasi kidogo nimpinge.

Tukumbushane kisa. Ni Juni 1944, kusini-magharibi mwa Ufaransa, nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Lucien anapiga deki hospitalini. Baba yake ni mateka wa vita Ujerumani, mama yake anaishi na mwenye shamba. Anamwendea mwalimu wa kijiji, ambaye kwa siri ni mtu wa wapiganaji wa msituni wanaowapinga Wajerumani, akiomba naye aingie msituni. Mwalimu anamwambia bado mdogo. Akirudi mjini kwa baiskeli anapata pancha, amri ya kutotoka nje inamkuta barabarani, na Wafaransa wanaoitumikia polisi ya Kijerumani wanamwingiza kwenye hoteli waliyoifanya makao yao. Wanamnywesha. Anamtaja mwalimu.

Hadi hapo sina ugomvi na mwandishi wenu. Pombe, utoto, mkosi. Ila makala imeishia hapo, na filamu ndiyo kwanza inachanganya. Mwalimu analetwa hotelini, na Lucien anajua fika ni mdomo wa nani uliomleta. Hakuna aliyemfunga kamba Lucien. Mlango uko wazi, baiskeli inazibika. Anabaki.

Kwa nini abaki? Nimefundisha miaka 31 na Lucien wengi wamepita mikononi mwangu, wale wa dawati la nyuma ambao hakuna anayewauliza neno. Pale hotelini yumo bingwa wa zamani wa mbio za baiskeli, mtu ambaye Lucien alimjua kwa sifa tu. Hebu fikiria: jana unakokota baiskeli gizani, leo bingwa mwenyewe anakaa nawe meza moja. Unapewa bastola. Unapelekwa kwa Albert Horn, fundi nguo Myahudi anayeishi kwa kujificha, akushonee suti. Siasa Lucien hana hata chembe. Majeshi ya Uingereza na Marekani yalikuwa yameshatua Normandy mwezi huohuo. Mtu anayepiga hesabu ya maslahi asingepanda jahazi la Hitler wakati linaingia maji. (Humo hotelini yumo hata mtu mweusi, Hippolyte, akilitumikia dola linalomhesabu si mtu. Makala haikumtaja, na mimi ndiye niliyemtazama zaidi kuliko wote.)

Kuna onyesho moja ambalo kwangu linatosha kumjibu mwandishi wenu. Kifaransa kina "wewe" mbili, moja ya heshima, nyingine ya rafiki au mtoto. Mpiganaji mmoja aliyekamatwa, akiwa chini ya ulinzi wa Lucien, anamsemesha kwa ile ya pili, akimsihi aachane na watu hawa angali kijana. Lucien anakasirika kwa kuitwa vile. Anambandika plasta mdomoni, halafu anachukua rangi ya midomo na kumchorea midomo juu ya plasta. Hapo pancha iko wapi? Hata pombe hakunywa. Huyu ni kijana aliyeonja kuogopwa, na ladha imemkaa ulimini.

Ni kweli Horn, ambaye anamwona huyu mvulana akimtaka binti yake na silaha kiunoni, anamwambia kwamba hawezi kumchukia kabisa. Mwandishi wenu amelichukua neno hilo kuwa msamaha wa Malle. Mimi nililisikia kama neno la mzee aliyechoka kujificha, na kweli baada ya muda anakwenda mwenyewe kujisalimisha.

Vilevile mmeandika kwamba Lucien anajisafisha anapomuua askari wa Kijerumani aliyekuja kumkamata binti wa Horn, na kutoroka na binti huyo pamoja na bibi yake. Tazameni tena saa ya dhahabu. Lucien anaichukua, askari anamnyang'anya, na baada ya hapo ndipo bunduki inalia. Kama askari yule angemwachia saa, binti angepona? Nimejiuliza mara mbili tatu na bado sijapata jibu, na nadhani Malle hakutaka tulipate.

Mwisho, kuna kosa la kusahihisha. Mmesema Lucien aliuawa na Wajerumani. Sivyo. Picha ya mwisho inamwonyesha amejilaza nyasini, jua linawaka, na maandishi yanatokea: alikamatwa tarehe 12 Oktoba 1944, akahukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi ya wapiganaji waliowapinga Wajerumani, akauawa. Waliomhukumu ni wenzake yule mwalimu, wale aliowaendea mwezi Juni akaambiwa bado mdogo.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro