Mjomba, hiyo kenda haishikiki

Shikamoo mjomba,

Juzi kwenye simu ulisema Afrika ivipokee viti viwili vya kudumu vya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ambavyo Marekani ilikubali kuviunga mkono Septemba 2024, hata kama havina kura ya turufu, ile kura moja ya mjumbe wa kudumu inayotosha kuzuia uamuzi. "Heri kenda shika kuliko kumi nenda rudi," ukaniambia. Sikukujibu, maana sikutaka kubishana nawe. Lakini neno hilo limenikaa moyoni.

Habari za Salim Ahmed Salim nilizijua kwako, pale barazani, redio ikiwa pajani mwako. Ulisimulia mwaka 1971, alipokuwa balozi wetu Watanzania huko Umoja wa Mataifa, New York, na Beijing ikapata kiti cha China, namna wajumbe wetu walivyoshangilia ukumbini. Ukawa unapiga goti kwa kiganja. Ukifika 1981 sauti ilikuwa inashuka. Salim aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Kura zilizotakiwa katika Baraza la Usalama zilikuwa 9, naye alizivuka. Marekani ikamzuia kwa turufu, China nayo ikamzuia Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa wakati huo, duru 16, mpaka wote wawili wakakaa pembeni na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Kenda aliishika, mjomba, na zaidi ya kenda. Na mwaka ule Niger, Tunisia na Uganda zilikuwa wajumbe wa Baraza hilohilo, wasio wa kudumu, bila turufu. Viti tulikuwa navyo. Havikumfaa kitu mtoto wetu.

Ndiyo maana nasimama na Makubaliano ya Ezulwini ya 2005, msimamo wa pamoja wa Umoja wa Afrika: viti viwili vya kudumu pamoja na turufu. Afrika ilisema wazi kwamba kimsingi inaipinga turufu yenyewe, ila maadamu ipo, kila mjumbe wa kudumu awe nayo. Hapo sioni tamaa wala kiburi.

Uliniuliza pia nani atakaa kwenye viti hivyo. Hilo linaniuma kuliko yote. Machi 2011 Umoja wa Afrika ulikataa majeshi ya kigeni kuingilia Libya. Wiki moja baadaye Nigeria, Gabon na Afrika Kusini zikapiga kura ya ndiyo kwa azimio lililofungua njia ya mabomu. Hakuna aliyetushika mkono siku ile, tuliunyoosha wenyewe.

Nipigie Jumapili baada ya magharibi. Nisalimie bibi.

Mpwa wako