Magari tunayoyaacha chini ya milima yapate mlinzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalotuumiza sisi tunaopanda milima ya huku Nyanda za Juu Kusini. Ni wizi kwenye magari tunayoyaacha chini tunapopanda, na kwenye mahema tunapolala. Nimesubiri nione kama wakubwa watalisemea, naona kimya.

Miaka ya nyuma ukimwona mtu na begi mgongoni anaelekea Ziwa Ngosi au Mlima Rungwe, ulijua ni Mzungu. Siku hizi ni sisi wenyewe: wanakwaya, wanafunzi wa vyuo, familia nzima imebanana kwenye Noah moja na sufuria la pilau nyuma. Pasaka na Nane Nane ndiyo usiseme. Maua ya Hifadhi ya Kitulo yakichanua wakati wa mvua, watu wanatoka mpaka Dar es Salaam kuja kuyaona. Mimi hili linanifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu nimekulia hapa Mbeya na nilikuwa nasikia wazee wakisema milima hii haina faida zaidi ya kuni na mvua.

Sasa, watu hao wanakuja na magari, na gari linaishia chini. Mwizi wa mjini anavunja gari huku roho juu, hajui mwenyewe atatoka dukani saa ngapi. Mwizi wa chini ya mlima anajua. Rungwe ina mita 2,961, kupanda na kushuka ni kazi ya kutwa. Akikuona unafunga kamba za viatu saa kumi na mbili asubuhi, ana uhakika hutarudi kabla ya alasiri, na huko uliko hata ukipigiwa simu huna la kufanya.

Safari moja tulikwenda Uporoto, kwenye kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu watu wake walitutendea wema mkubwa. Tuliposhuka jioni tulikuta kioo kidogo cha mlango wa nyuma cha gari la mwenzetu hakipo. Chembe zake zilikuwa zimemwagika kwenye kiti cha mtoto na kuingia kwenye mishono, ikabidi tuzitoe moja moja kwa mwanga wa simu kabla ya kumkalisha. Walichukua begi, redio, jeki na betri. Redio inauma, lakini betri ndiyo iliyotutesa, maana saa moja usiku, kwenye baridi ile ya Uporoto, gari haliwaki na tuna watoto wadogo.

Hapo likatokea jambo lililonitisha kuliko wizi wenyewe. Mpita njia mmoja alimkamata shati kijana aliyekuwa akichoma mahindi jirani na pale, akasema ni huyu, kwani nani mwingine alikuwepo? Watu wakaanza kujaa, na mmoja alikuwa ameshaokota jiwe. Mwenyekiti wa kitongoji aliwahi. Alimshika kijana mkono, akampeleka nyumbani kwake akamkalisha ndani mpaka watu wakatawanyika. Asubuhi, mama mmoja aliyekwenda kuchimba viazi alilikuta begi letu katikati ya matuta, kando ya barabara ya lami ya Mbeya–Tukuyu, mbali kabisa na kijiji. Leseni ya udereva, kitambulisho cha NIDA na kadi ya kliniki ya mtoto vilikuwemo, vimelowa umande. Hela na simu havikuwemo. Majirani wakasema mchana ule waliona pikipiki ngeni, yenye watu wawili, ikipita na mzigo umefunikwa turubai.

Mwenyekiti yule angechelewa, kijana angekufa kwa ajili ya betri ambayo hakuigusa. Mkoa wetu unazijua habari za wananchi wenye hasira kali, tunazisoma na kuzisikia kila mara. Nawaomba wenzangu tunaopanda pamoja: ukikuta gari limevunjwa, usipige kelele za mwizi kwa mtu unayemshuku tu. Mtafute mwenyekiti, piga 112, subiri.

Ninachoomba hasa ni kimoja. Kila kijiji ambako njia ya kupanda mlima inaanzia, serikali ya kijiji itenge eneo la kuegesha magari na iweke mlinzi anayejulikana. Hapa hatuzungumzii mradi wa mabilioni. Uzio wa mabanzi unatosha, na mabanzi huku kwetu yapo kila penye kiwanda cha mbao. Mgambo mmoja wa kijiji, daftari la kuandika namba ya gari na saa ya kuingia, na stakabadhi mkononi mwa mwenye gari. Basi.

Utaratibu wa sasa hauko hivyo. Unafika, vijana watatu wanalizonga gari, kila mmoja anasema "bosi, nikulindie". Unampa mmoja elfu moja, na huyo ukishaingia msituni anaondoka kutafuta kibarua kingine. Simlaumu sana. Hakuna aliyemkabidhi kazi, hakuna atakayemuuliza, na elfu moja haimlipi mtu kukaa kwenye baridi kutwa nzima. Akiwa na kazi inayotambulika na malipo yanayoeleweka, atakuwa wa kwanza kuiona pikipiki ngeni.

Mamlaka ya kufanya hivi yapo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, halmashauri ya wilaya ikaziidhinisha. Ushuru wa maegesho usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji pamoja na mapato mengine, ili kila mtu aone kwamba gari la mgeni likiwa salama, darasa au kituo cha afya kinapata kitu. TFS, wakala wa misitu wanaosimamia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa upande wa Kitulo, wakae na vijiji hivyo wakubaliane. Mgeni anayelipa kiingilio aambiwe palepale gari lake linabaki wapi na mikononi mwa nani.

Kuna upande wa pili ambao watu hawapendi kuugusa. Betri, redio na saiti mira haviliwi. Vinarudi mjini na vinapata mnunuzi, mara nyingi siku hiyohiyo, kwa bei ambayo kila fundi anajua si ya halali. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayepokea mali huku akijua ni ya wizi. Polisi wapite kwenye maduka ya spea za mtumba wadai daftari la nani kauza nini. Mwenye duka anayefanya biashara safi hatakuwa na cha kuogopa.

Nasi tunaoibiwa tutoe taarifa. Wengi wanasema "itasaidia nini", wananunua betri nyingine, yanaisha. Halafu tunashangaa mkuu wa kituo akisema eneo hilo halina tatizo! Nenda polisi, fungua jalada, chukua RB, ile namba ya taarifa yako. Kwa simu iliyoibwa RB ina kazi kubwa, kwa sababu tangu 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu feki, upo mfumo wa kuifungia simu kwa namba yake ya IMEI. Bonyeza *#06# leo uiandike mahali. Na mwenye bima ndogo, ile ya kufidia watu wengine tu, ajue kwamba bima hiyo haimlipi chochote akiibiwa.

Kuhusu mahema sina mengi. Viatu na jiko vilale ndani, hata kama vina matope, na mizigo ipangwe nyumbani, si kwenye buti mbele ya macho ya kila mtu. Pale Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, watu wanalala na hema wazi kwa ajili ya joto. Naelewa, lakini simu isikae mlangoni.

Wageni wanaoingia kwa Tunduma na Kasumulu wakiwa na mahema juu ya paa za magari wanapita hapa kwetu kila kiangazi, na wanaambiana wapi pa kulala na wapi pa kupita bila kusimama. Wakiambiana wapite, hasara ni ya muuza mahindi yule na ya mama yule mwenye shamba la viazi.

Kiangazi kiko karibu. Naomba wenyeviti wa vijiji wa Rungwe, Mbeya Vijijini na Makete waliingize suala hili kwenye mikutano yao mikuu ya robo hii. Kikundi chetu kiko tayari kufika kwenye mkutano wowote tutakaoitwa, na kuchangia mbao na misumari ya uzio wa kwanza.

Mpanda milima,
Uyole, Mbeya