Chumvi ya Tangi la Samaki Hupimwa, Haimwagwi

Kila mwezi hakosi mteja mwenye samaki wagonjwa wa kuniambia: “Elfu ishirini yote uje utie chumvi ya mia tano?” Kutia ni dakika moja. Unachonilipa ni hesabu, na kurudi kesho yake kuangalia samaki wanapumuaje.

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 40 ni lita 72, lakini ukiondoa changarawe na nafasi ya juu, maji ni kama 60. Kwa gramu 1 kila lita, chumvi ni gramu 60. Naiyeyusha kwanza kwenye jagi, naimimina kidogo kidogo, maana punje ikimwangukia samaki inamuunguza. Madoa meupe ya ugonjwa mwilini mwa samaki yakizidi napandisha hadi gramu 2 au 3, na mimea hai naihamisha. Goldfish na gapi wanavumilia. Koridora na jamii nyingine ya kambare wadogo hao nawaendea taratibu sana.

Sasa kuna bwana mmoja aliona namwibia. Akashuka baharini Raskazone, hapa Tanga, akachota ndoo ya lita 20, akabadilishia maji tangi lake la lita 100. Chumvi ni chumvi, si ndiyo? Maji ya bahari yana kama gramu 35 kwa lita, kwa hiyo aliingiza gramu 700 kwa mkupuo: gramu 7 kila lita. Asubuhi koridora wote wamelala ubavu. Samaki wapya walimgharimu kuliko bei yangu, na bado nililipwa kulisafisha tangi.

Mama mmoja wa Chumbageni yeye alikuwa anaongeza maji kila yakipungua kwa joto, na kijiko cha chumvi juu yake. Kwenye kioo, juu ya mstari wa maji, nilikwangua ukoko mweupe kwa ukucha.

“Mwanangu, si natia kimoja tu?”

“Mama, na cha juzi bado kimo.”

Maji hukauka, chumvi hubaki. Yakipungua, jazia maji matupu ya bomba yaliyolala usiku kucha klorini ipungue. Chumvi rudisha pale tu unapotoa maji: umetoa lita 15, rudisha gramu 15. Samaki wakipona, usirudishe tena. Tangi lisilo na mgonjwa haliihitaji.

Chumvi ya mawe isiyochanganywa na kitu inafaa. (Kuna aliyetia ile yenye pilipili ya mishikaki. Sikumuuliza zaidi.)

Ukitaka kutia mwenyewe, njoo Ngamiani na vipimo vya tangi na aina za samaki ulionao, nikupimie kwenye mfuko. Kupima dukani silipishi. Nalipisha kuja kwako.