Anayepanga ratiba ya basi naye aitwe mahakamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalonikosesha usingizi. Mimi ni mkazi wa Gungu, Kigoma. Mume wangu anaendesha basi la abiria kati ya Kigoma na Tabora, na sasa ana kesi ya mwendokasi. Alipigwa tochi, yaani kile kifaa cha polisi cha kupima mwendo, akiwa na kilomita 94 kwa saa ndani ya kibao cha 50. Trafiki wa mbele alimsimamisha, akamwonyesha kwenye simu picha yenye namba ya gari na mwendo, na mara hii mambo hayakuishia kwenye faini. Amefikishwa mahakamani, na mahakama ina uwezo wa kumfungia leseni.

Siandiki kumtetea. Baba watoto mwenyewe hakubishana na tochi, nami sioni cha kubishania. Nimezaliwa Nguruka, barabara hiyo hiyo. Mama yangu mzazi mpaka leo anauza ndizi na mihogo kando ya lami, na wajukuu zake huvuka asubuhi na jioni kwenda shule na kurudi. Basi linalokwenda 50 hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja. Likiwa na 94 hukata mita 26, na ili lisimame breki zinahitaji umbali unaozidi mara tatu ule wa mwanzo. Mtoto wa darasa la pili hajui hesabu hiyo. Akiliona basi liko mbali anajua ana muda wa kuvuka, kumbe hana. Kwa hiyo hakimu akiona leseni ifungwe, nitalia nyumbani kwangu, lakini sitasema ameonewa.

Ninachouliza ni kwa nini anasimama kizimbani peke yake.

Basi lile linatoka Kigoma saa kumi na mbili asubuhi, na tajiri, mwenye basi, anataka liwe Tabora kabla ya saa sita mchana ili ligeuze siku hiyo hiyo, dereva akiwa yuleyule. Anayeijua njia ile ahesabu mwenyewe: Kazuramimba, Uvinza, Nguruka, Usinge, Kaliua, Urambo, na vijiji vya katikati ambavyo navyo vina vibao vya 50. Kila mahali kuna abiria wa kushuka na wa kupanda, kuna gunia la mchele la kupakia, kuna mgonjwa anayeomba gari lisimame kidogo. Nje ya makazi, sheria inalitaka basi lisizidi 80. Kipande cha Uvinza hadi Malagarasi kilikaa vumbi miaka mingi wakati sehemu nyingine zimekwisha kuwekwa lami, na msimu wa mvua magari yalikuwa yakikwama pale. Muda uliopotea kwenye tope ulifidiwa kwenye lami. Na lami ndiko waliko watu.

Akichelewa, posho ya safari inakatwa. Akichelewa mara kwa mara, funguo anapewa mwingine. Mkataba wa maandishi hana. Madereva waligoma nchi nzima mwaka 2015, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao. Mume wangu alikuwa mmoja wa waliogoma. Miaka yote hii imepita na bado analipwa kwa safari, kama kibarua wa kubeba mizigo gatini.

Wapo watakaosema faini zipo na zinatosha. Faini ya shilingi 30,000 tumeizoea mno. Kwenye basi la watu hamsini na zaidi, fedha hiyo haifikii hata nauli za abiria wawili wa safari nzima. Tajiri anaihesabu pamoja na dizeli na tairi, au anaikata kwenye posho ya dereva, kisha ratiba inabaki ilivyo. Madereva nao wanapigiana taa kuonyana kwamba mbele kuna tochi, wanapunguza, wakishapita wanakanyaga tena. Nimeyaona haya nikiwa nimekaa kiti cha nyuma ya mume wangu, na nimewasikia abiria wakimhimiza: "Dereva, tunalala njiani?" Abiria hao hao basi likipinduka ndio tunaowasoma magazetini. Nawaomba sana waache.

Serikali iliporuhusu mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, nilifurahi. Kwa karibu miaka thelathini madereva walikuwa wakikimbizana na saa ya kuzuiwa, na niliamini kwamba sababu ya mbio imeondoka. Kumbe baadhi ya matajiri waliuona muda ulioongezeka kuwa nafasi ya kuongeza safari. Dereva hakupumzika hata kidogo.

Halafu kuna kile kifaa cha VTS, cha kufuatilia mwenendo wa magari, ambacho LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, imeagiza kifungwe kwenye mabasi. Kinarekodi mwendo wa gari njia nzima, na taarifa zake zinakwenda LATRA. Maana yake ni kwamba tochi ya siku ile haikugundua jambo geni. Mwendo wa basi lile siku zote umeandikwa mahali. Kama miezi yote iliyopita linaonekana kupita vijijini kwa kasi, likiendeshwa na mume wangu au na mwenzake, basi hapo kuna mtu mwingine wa kuulizwa. Dereva mmoja anaweza kuwa na kichwa kigumu. Madereva wote wa gari moja wakikimbia sehemu zilezile, wanakimbizwa.

Leseni ya mume wangu ikifungwa, kesho yake dereva mwingine atakaa kwenye usukani ule ule, atapewa saa zile zile, na atapita Nguruka mbele ya meza ya mama yangu kwa mwendo ule ule. Ndiyo maana naiomba mahakama, katika kesi hii na nyingine za namna hii, idai ratiba ya gari na rekodi ya VTS viletwe pamoja na picha ya tochi, na mwenye gari aitwe aeleze hesabu yake. Kama ameipanga safari ambayo haiwezekani bila kuvunja sheria, naye ahukumiwe. Apoteze kibali cha njia kwa muda, kama dereva anavyopoteza leseni.

LATRA nao ndio wanaoidhinisha ratiba. Maofisa wao wa Kigoma na Tabora wakate tiketi kama abiria wa kawaida, wapande basi hilo asubuhi bila kujitambulisha, wawe na saa mkononi, na wamwombe dereva afuate kila kibao mpaka Tabora. Watakapofika, waiandike saa hiyo kwenye ratiba mpya.

Naomba jina langu lisichapishwe, kwa kuwa mume wangu bado anasubiri kuambiwa kama ana kazi.

Mke wa dereva,
Gungu, Kigoma